Jamii ni Nani? Sauti, Kimya na Maadili ya Kuzuia Dhuluma za Kijinsia Vijijini

Utangulizi

Katika mijadala kuhusu dhuluma za kijinsia, ni nadra kusikia kauli inayorudiwa mara nyingi kuliko ile isemayo kwamba jamii yenyewe haina budi kushirikishwa. Kauli hii hukubalika kwa wepesi kwa kuwa inamridhisha kila mtu. Inampa mwanakijiji heshima, inampunguzia mtumishi wa serikali mzigo, na inamtuliza mfadhili anayechelea kushutumiwa kwamba anavuruga utamaduni wa watu. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo aghalabu huachwa bila kujibiwa. Jamii inayoshirikishwa ni nani? Je, ni wazee wa baraza? Ni akina mama wa vikundi vya kusaidiana? Ni jirani aliyesikia kilio usiku na kulipambazukia shamba lake asubuhi kana kwamba hakusikia lolote? Au ni yule aliyelia?

Makala hii inanuia kulichunguza swali hilo kama swali la kimaadili. Mfano unaoegemewa ni wa Meru na Tharaka, mashariki ya Mlima Kenya, kati ya 1956 na 2013. Na kazi mbili za fasihi ya Kiswahili zinatumiwa kuumulika mfano huo. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirikishaji wa jamii hupata uhalali wake pale tu ambapo aliyedhulumiwa, au aliye katika hatari ya kudhulumiwa, ana sauti katika kikao kilekile kinachoamua mambo yake. Pasipo sauti hiyo, kushirikisha jamii kwaweza kugeuka kuwa njia nyingine ya kuuhifadhi ukimya.

Kuteuliwa kwa Meru hakumaanishi kwamba wenyeji wa huko wamewapita wengine kwa ukatili. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Tatizo hilo ni la nchi nzima. Meru imeteuliwa kwa sababu historia yake inamwezesha mhakiki kuzitazama kwa pamoja njia tatu ambazo kwazo watu wamejaribu kuzuia dhuluma vijijini, nazo ni amri, neno na hukumu.

Kimya kama kauli

Mwanafasihi ana nafasi katika mjadala huu kwa sababu dhuluma ya nyumbani haitegemei nguvu za mkono peke yake. Inategemea pia lugha inayoipa jina la kistaarabu na kimya kinachoilinda. Chukua methali isemayo, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune." Kwa asili yake methali hii ni ya busara. Inamwonya jirani asichochee ugomvi wa watu wa damu moja, kwa maana kesho watapatana naye abaki na lawama. Lakini itumiwapo kuhusu nyumba ambamo mmoja hupiga na mwenziwe hupigwa, kitenzi "kugombana" huanza kutenda kazi isiyokuwa yake. Kugombana ni jambo la watu wawili. Anayepigwa hagombani na mtu. Methali humpa jirani jembe, na jembe hilo humwondolea wajibu wa kuuliza kilichotokea.

Vivyo hivyo, "Siri ya mtungi aijuaye kata" hutumiwa kuwanyamazisha watu wa nje, kwamba hawayajui ya ndani. Ni ajabu kwamba methali yenyewe inakiri kuwa yupo anayejua. Kata imeingia mtungini na imeuona undani wake. Kinachokosekana ni mtu wa kuiuliza kata.

Kwa upande mwingine, hazina hiyohiyo ya methali inatuambia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Utamaduni, basi, haukuacha agizo moja tu kuhusu siri. Umeacha maagizo yanayopingana, na wanaozungumza kwa niaba yake ndio wanaochagua lipi litajwe barazani na lipi lisahauliwe. Hapa ndipo mchango wa H. Odera Oruka unapofaa. Katika utafiti wake kuhusu falsafa ya wahenga wa Kenya, uliochapishwa kwa ukamilifu mnamo 1990, alimtofautisha mhenga anayeyahifadhi na kuyarudia mawazo ya watu wake na mhenga anayeyapima kwa akili yake mwenyewe na hata kuyakosoa. Wote wawili ni wa kijijini, wala wa pili si mgeni aliyeletwa na shule. Kwa hiyo anayedai kwamba kuipinga dhuluma ni kuupinga utamaduni amekwisha kuamua, pasipo kusema, kwamba mhenga wa aina ya kwanza ndiye mwenye utamaduni peke yake.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inauchora ukimya huu katika kijiji cha Namagondo kisiwani Ukerewe. Zakaria, mlevi aliyewahi kuwa mwalimu, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na mkewe Regina pia hanusuriki. Zakaria hajioni kuwa mkatili. Anajiona mlinzi wa heshima ya nyumba yake. Wahakiki wengi wamekwisha kueleza jinsi malezi hayo yanavyomfikisha Rosa kwenye kujiua. Lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba fimbo ya baba haihitaji kujificha. Mlezi anayempiga binti kwa ajili ya barua yuko ndani ya mipaka ambayo kijiji kinaijua. Riwaya inamlazimisha msomaji kusikia kile ambacho majirani wangeweza kukiita adabu, na kwa kufanya hivyo inamweka msomaji katika nafasi ya jirani asiyeweza tena kuchukua jembe.

Kwamba lugha huweza kuificha dhuluma kulidhihirika kwa uchungu usiku wa Julai 13, 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito huko Tigania, Meru. Wavulana wa shule hiyo waliwavamia wenzao wa kike bwenini. Wasichana 19 walifariki na wengine 71 wakabakwa. Vifo ndivyo vilivyoishtua nchi kwanza. Lakini yaliyosemwa baadaye nayo yaliwashtua wengi, kwani ilisikika kana kwamba kubaka kulikuwa jambo lililozoeleka na kilichopita kiasi kilikuwa kuua. Jambo likishazoeleka katika lugha ya watu wazima, haliwezi kuzuiwa kwa kufuli ya bweni. Ili kuelewa ni kwa njia gani lugha hiyo ingeweza kubadilishwa, yafaa kurudi nyuma hadi wakati ambapo kijiji kilijaribiwa kubadilishwa kwa amri.

Amri ya 1956

Mnamo 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Uamuzi huo ulipitishwa kwa ushirikiano na maofisa wa kikoloni, katika miaka ya Hali ya Hatari. Kwa mtazamo wa juujuu, huu ulikuwa ushirikishaji wa jamii wa hali ya juu kabisa. Marufuku haikutolewa kwa jina la gavana. Ilitolewa na baraza la wenyeji, lenye heshima na mamlaka ya kale.

Kilichofuata kimechunguzwa kwa kina na mwanahistoria Lynn Thomas. Wasichana walikwenda vichakani na mashambani, wakakatana wenyewe kwa nyembe. Walijipatia jina, Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana wenyewe na wazazi wao wa kike na wa kiume, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Wazee walikuwa wameamua, maofisa wakatekeleza, nao wasichana wakajikata.

Ni rahisi kuyafasiri matukio haya kwa pupa. Baadhi watasema kwamba wasichana waliutetea utamaduni wao dhidi ya mkoloni. Wengine watasema kwamba walikuwa wametiwa ujinga na mama zao. Fasiri zote mbili zinakwepa swali la maadili. Wembe uliwajeruhi wasichana wale, na hakuna tafsiri ya kisiasa inayoweza kuligeuza jeraha kuwa ushindi. Wakati huohuo, walichokitafuta hakikuwa jeraha. Tohara ilikuwa lango la pekee walilolijua la kuvuka kutoka utotoni na kuingia katika hadhi ya mwanamke anayeweza kuolewa, kuzaa na kusikilizwa. Amri ililifunga lango hilo bila kufungua jingine. Zaidi ya hayo, ilitolewa katika kikao ambacho msichana hakuwamo, wala hawakuwamo akina mama wazee waliokuwa wakiusimamia mpito huo.

Jambo hili linagusa mjadala mpana wa falsafa ya Kiafrika. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika mtazamo wa jadi mtu huwa mtu kwa sababu wenzake wapo na yeye ni wao. Wazo hilo limesifiwa sana, na mara nyingi limetumiwa kuihalalisha kauli ya wengi dhidi ya mmoja. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alilirekebisha kwa kusisitiza kwamba mtu, ijapokuwa hulelewa na jamii, hamezwi nayo. Anabaki na akili ya kupima na haki asizopewa kama hisani. Yaliyotokea Meru yanaongeza neno moja katika mjadala huo. Ikiwa msichana huwa mtu kwa sababu ya wenzake, basi wenzake wanaomfanya mtu wana deni kwake. Deni hilo ni kumpa njia ya kuwa mmoja wao isiyodai damu yake, na kumsikiliza wanapoitafuta njia hiyo.

Tohara kwa maneno

Miaka 40 baadaye, mnamo Agosti 1996, karibu wasichana 30 wa Gatunga, Tharaka, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, walitoka katika mpito wa aina mpya. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, likishirikiana na shirika la PATH, lilikuwa limefanya kazi na mama wa wasichana hao kubuni ibada iliyoitwa Ntanira na Mugambo. Jina hili hufasiriwa kuwa "tohara kwa maneno". Neno mugambo lina maana ya sauti pia. Wasichana waliwekwa faraghani kwa muda wa wiki moja, wakafundwa na wanawake, kisha wakatoka hadharani kwa nyimbo, ngoma na zawadi mbele ya wazazi na wanakijiji.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba muundo wa ibada ulihifadhiwa karibu wote. Utengano, mafunzo, kurejea, hadhira na furaha vilibaki mahali pake. Kilichoondolewa ni kisu, na mahali pake pakawekwa neno. Amri ya 1956 ilikuwa imeondoa kisu na kuacha pengo. Mpito wa 1996 ulilijaza pengo kwa kauli iliyotamkwa mbele ya mashahidi, na mashahidi hao ndio walioipa kauli nguvu, kwani baada ya siku ile hapana aliyeweza kusema kwamba hakujua.

Hata hivyo, mafanikio hayo yasitiwe chumvi. Watafiti walioutathmini mpango huo mnamo 2001 walibainisha kwamba ibada peke yake haitoshi. Ilifaulu pale ilipotanguliwa na mazungumzo marefu ya kijiji kizima. Ilipoletwa kama sherehe tu, haikuwa na mizizi. Tena, kupungua kwa ukeketaji nchini Kenya, kutoka asilimia 38 ya wanawake mnamo 1998 hadi asilimia 15 mnamo 2022, hakuwezi kuhesabiwa kuwa tunda la njia moja. Elimu, dini, kuhamia mijini, na sheria, hasa ile ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji, vyote vilichangia.

Fundisho la Tharaka linapatana na lile ambalo tamthilia ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kulitoa. Katika Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, wanawake wa Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyoanguka. Kamba ipo na nguvu zipo, lakini kila mmoja anavutwa na matatizo ya nyumbani kwake na ugomvi wake na mwenziwe, na nguzo haisimami. Wako waliouona mwisho huo kuwa wa kukata tamaa. Unaweza pia kusomwa kama uchambuzi wa aina ya ushirikishaji unaowaita wanawake kwenye kazi ya pamoja huku ukiyaacha matatizo ya kila nyumba yakiwa siri ya nyumba. Nguzo haiwezi kuinuliwa uwanjani na watu ambao yanayowadhoofisha majumbani hayaruhusiwi kutajwa uwanjani.

Si ajabu, basi, kwamba mwandishi huyohuyo, pamoja na wenzake wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mnamo 1982 na 1983. Huko wanakijiji waliyataja wenyewe matatizo yao, mojawapo likiwa mimba za wasichana, na kuyaigiza mbele ya wenzao. Mnamo 1996, mwaka uleule wa Ntanira na Mugambo, chuo hicho kikaanzisha shuleni mpango ulioitwa Tuseme, ambamo wasichana huyatambua yanayowasibu na kuyasema kwa njia ya maigizo. Jina la mpango huo ni jibu fupi kwa methali ya mtungi: kata imeulizwa.

Fidia, suluhu na hukumu

Lakini si kila dhuluma huzuiwa kwa kusema. Liko swali la nini kifanyike inapokuwa imekwisha kutendeka, na hapa ushirikishaji wa jamii hukabiliwa na mtihani wake mgumu kuliko yote. Mahali pengi vijijini, mtoto anaponajisiwa, wazee wa pande mbili huketi na kukubaliana fidia ya mbuzi au fedha, nayo hukabidhiwa baba wa mtoto. Watetezi wa utaratibu huu wana sababu zisizofaa kudharauliwa. Kituo cha polisi ni mbali, kesi huchukua miaka, na walioshtakiana wataendelea kuchota maji katika mto mmoja. Mke ambaye mumewe amefungwa hubaki na njaa pamoja na majeraha. Suluhu, wanasema, huponya kijiji.

Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama ingejibu swali moja: anayelipwa ni nani? Fidia hulipwa aliyepoteza kitu. Ikiwa baba ndiye anayeipokea, basi kikao kimetamka, hata kama hakuna aliyelisema neno hilo, kwamba kilichoharibiwa kilikuwa mali ya baba. Mtoto hakupatanishwa na mtu yeyote. Amefanywa kuwa chombo cha kupatanishia wengine. Kwa maana hiyo suluhu ya aina hii ni dhuluma ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza katika jambo moja: ya kwanza ilitendwa na mtu mmoja kwa siri, ya pili imetendwa na kijiji mchana.

Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu iliyoketi Meru ilitoa hukumu katika kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la "wasichana 160". Watoto 11, pamoja na kituo kilichowahifadhi, walikuwa wameishtaki polisi kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa. Jaji alikubali kwamba uzembe huo ulizivunja haki za watoto hao na kuwafanya wahalifu wasiogope sheria, akaamuru uchunguzi wa haraka na wa kina ufanywe. Upya wa hukumu hiyo ulikuwa katika nafasi ya mlalamishi. Watoto waliokuwa wakizungumziwa sasa walikuwa wakizungumza, tena dhidi ya wale waliopaswa kuwasikia kwanza.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 159, inazitambua njia za jadi za kutatua migogoro, lakini inakataza zisitumiwe kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki au inayochukiza haki na maadili. Wapo wanaoiona ibara hiyo kama mkono wa serikali unaolibana baraza. Kwa mujibu wa hoja ya makala hii, inaweza kueleweka kama sharti ambalo mhenga mkosoaji wa Odera Oruka angeliweka mwenyewe: baraza lina mamlaka kadiri linavyoweza kumtazama machoni yule ambaye uamuzi wake utamwangukia.

Pingamizi moja

Yawezekana kupinga kwamba kumtaka aliyedhulumiwa aseme ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Aibu ni yake, hatari ni yake, na sasa ujasiri nao uwe wake? Pingamizi hili ni la haki. Sauti haina maana ya kumsimamisha mtoto mbele ya umati asimulie jeraha lake. Maana yake ni kwamba kikao kisifanye uamuzi ambao hakikujua, kwa njia salama, kama yeye anautaka, na kwamba wa kwanza kuvunja kimya wawe ni wale ambao kuvunja kimya hakuwagharimu sana, yaani wazee, walimu, wahubiri na wanaume wenzake aliyetenda.

Ushahidi kutoka vijiji vya Rakai, nchini Uganda, unalitilia uzito jambo hili. Mpango wa kijamii uliotekelezwa huko kati ya 2005 na 2009, na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2015, ulipunguza kwa takriban sehemu moja kwa tano ukatili wa kimwili na wa kingono ambao wanawake walisema wametendewa na wapenzi wao. Wanaume walipoulizwa kuhusu matendo yao wenyewe, majibu yao hayakuonyesha badiliko hilo. Tofauti ya masimulizi hayo mawili inaonyesha kwamba ushirikishaji unaowafundisha wanawake kusema bado haujamaliza kazi yake iwapo wanaume hawajajifunza kukiri.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba swali la "jamii ni nani?" haliwezi kuachiwa waandishi wa mipango na wataalamu wa takwimu peke yao. Wazee wa 1956 walikuwa jamii, na amri yao ikashindwa kwa sababu ilimhusu asiyekuwamo. Akina mama wa Tharaka mnamo 1996 walikuwa jamii, na neno lao likashika pale ambapo kijiji kilikuwa kimeandaliwa kulisikia. Watoto walioshtaki Meru walikuwa jamii pia, ijapokuwa iliwabidi kwenda mahakamani ili waambiwe hivyo.

Kwa wanafunzi wa fasihi, kazi iliyobaki ni ya karibu kuliko inavyodhaniwa. Methali, nyimbo za jando na unyago, na hotuba za harusi zinazokusanywa kila mwaka kwa ajili ya tasnifu huhifadhiwa kwa uangalifu na kuainishwa kwa fani na maudhui. Ni mara chache mkusanyaji huandika ni nani aliyekuwapo methali ilipotamkwa, ni nani aliyenyamazishwa nayo, na kama yuko aliyeijibu kwa methali nyingine. Uchunguzi wa aina hiyo ungeonyesha mahali ambapo jembe lilichukuliwa, na mahali ambapo jirani alikataa kulichukua akaenda kubisha mlango.